Nyangumi Hana Ratiba Yako

Kila mtu ako na hiyo grupu ya WhatsApp. Ilifunguliwa Januari na msee mmoja mwenye furaha nyingi, ikaitwa "Diani Mwaka Huu". Watu wakatuma emoji za moto wiki mbili, halafu mmoja akauliza, "Bajeti ni ngapi?" Kimya. Mpaka leo grupu iko hapo chini kabisa kwa simu yako, imelala. Safari nyingi za rika letu hufia hapo.

Mimi nilidhani nimepata dawa. Usipange na watu. Shika doh yako, enda peke yako, rudi na video. Ndivyo nilivyoenda Watamu mwaka jana kutafuta nyangumi. Nimekaa na hii stori miezi mingi kwa sababu sehemu yake moja hainifurahishi, na inanihusu mimi.

Kwanza, kwa wale hawajui: ndiyo, Kenya tuko na nyangumi. Si wa kwa sinema. Kuanzia Julai hadi Septemba hivi, wakati nyumbu wanavuka mto Mara na kila mtu anapost mamba, kuna wanyama wengine wanapita pwani yetu na wengi wetu hata hatujui. Ni nyangumi wa nundu, hao wanaoitwa humpback. Wanatoka kule chini karibu na Antaktika, wanaogelea maelfu ya kilomita hadi maji yetu ya joto ili kupandana na kuzaa. Mtu mzima ana urefu wa mita 12 hadi 16. Fikiria matatu kubwa ya abiria 33, halafu ongeza urefu mwingine nusu, halafu fikiria hiyo kitu inaruka nje ya maji.

Wanaonekana sehemu nyingi za pwani, lakini Watamu ndiko jina limeshika. Kuna watu huko, kama wale wa Watamu Marine Association, ambao kwa miaka wamekuwa wakiandika nani ameonekana wapi na lini. Na kuna boti zinazopeleka watu nje ya miamba kuwatafuta.

Sasa, mpango wangu. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikanishinda, na tangu hapo nakula kutokana na hii kazi ya kamera. Mamangu bado huambia majirani niko "likizo". Nilikuwa nimelipwa tangazo moja, pesa nzuri, nikaamua yote inaenda kwa nyangumi. Nikafika Watamu jioni. Boti ilikuwa ya asubuhi. Tikiti ya kurudi Nairobi ilikuwa ya usiku huohuo. Na kabla hata sijalala nikapost: "Kesho nawaletea nyangumi." Nikampigia mamangu pia. Nikamwambia kesho ataona kazi yangu ni gani hasa.

Soma hiyo aya tena, kwa sababu makosa yote yako hapo. Bado sijaingia majini na tayari nimeshaharibu.

Asubuhi tulikuwa watu nane kwenye boti. Kuna kitu hakuna mtu alikuwa ameniambia: miezi ya nyangumi ndiyo miezi ya kusi. Huo upepo ukivuma, bahari nje ya miamba haina urafiki. Ndani ya miamba unajiona baharia. Ukishapita mlango na kuingia maji makuu, unakumbuka chai uliyokunywa. Nilitapika mara mbili. Saa moja ikaisha, ya pili ikaisha, hakuna kitu. Nikaanza kuhesabu: pesa ya boti, pesa ya basi, post ya jana, mamangu.

Halafu msaidizi wa kapteni akanyoosha mkono. Pumzi. Inaonekana kama mvuke mweupe unaosimama juu ya maji kisha unapotea. Kando yake, pumzi nyingine ndogo. Mama na mtoto.

Kapteni akapunguza mashine, tukawa tunaelea mbali nao. Kila mtu kwa boti akanyamaza. Hiyo dakika, nikiwa mkweli, ndiyo ilikuwa safari yenyewe. Lakini mimi nilikuwa naangalia simu, na kwa simu walikuwa kitu kidogo cheusi, kama tairi imetupwa baharini.

Nikasema, "Kapteni, sogea kidogo."

Akasema, "Hapa panatosha, kijana. Ana mtoto."

Nikasema nimetoka Nairobi, narudi usiku, sina siku nyingine. Jamaa mwingine akaniunga mkono. Nikaongeza kwamba nitamtoa kitu kidogo. Kapteni aliangalia abiria, akaangalia bahari, akasogea.

Mama akabadilisha njia. Tukafuata. Akazama. Mtoto akabaki juu kidogo, upande wetu, kisha naye akazama. Wakaibuka mbele zaidi, wakipumua harakaharaka. Tukafuata tena. Mara ya tatu hawakuibuka mahali tungeweza kuwaona.

Nilirudi na sekunde 11 safi kabisa. Hiyo video ilitazamwa kuliko kitu chochote nimewahi kutengeneza. Watu waliandika "wow, anasalimia". Mamangu akaitazama kwa simu ya dadangu, akaniuliza swali moja tu: "Na huyo mtoto alifika kwa mamake?"

Sikujua. Nikamwambia alifika. Siku chache baadaye niliifuta.

Baada ya hapo nilianza kusoma, kitu ambacho wahadhiri wangu wangecheka kusikia. Nikajua nilikuwa nimemfukuza nani. Nyangumi wa nundu hana meno. Ana kitu kama brashi ndefu mdomoni cha kuchuja vijidudu vya baharini kama uduvi, vinaitwa krili, na krili wake wako kule baridini Antaktika. Huku kwetu karibu hakuna chakula chake. Yaani huyo mama amebeba mimba karibu mwaka mzima, ameogelea kutoka upande mwingine wa dunia, amezaa mtoto wa mita nne na zaidi, na ananyonyesha kila siku huku yeye mwenyewe hali. Anaishi na mafuta aliyoweka mwilini kabla ya safari. Hayo mafuta ndiyo maziwa ya mtoto, na hayohayo ndiyo nauli ya kurudi. Kila mara boti inapomfanya akimbie, anatoa kwa hiyo akiba. Mimi nilienda na pesa ya tangazo moja nikaona ni kidogo. Yeye alikuja na bajeti iliyobana kuliko yangu, na nikamfanya aitumie kunikimbia.

Na hawa wanyama wametoka mbali kwa njia nyingine pia. Karne iliyopita meli za kuwinda nyangumi ziliua humpback zaidi ya 200,000 katika nusu ya kusini ya dunia. Uwindaji wao huko ulipigwa marufuku 1963, na hata baada ya hapo meli za Kisovieti ziliendelea kuwaua kisiri. Kwamba leo mtu anaweza kutoka Rongai na kuwaona Watamu ni kwa sababu walipewa nafasi ya kuongezeka tena.

Sasa hapa ndipo maoni yangu yanaanza, na najua wengine mtakataa. Tukiona video ya boti inafukuza nyangumi, tunamlaumu kapteni. Ati ni mtu wa tamaa, ati hajui sheria. Lakini wangu alijua. Alisimama mahali sawa kabla nifungue mdomo. Aliyemsukuma ni mteja, na mteja alisukumwa na mpango wake. Siku moja, pesa yote, tikiti ya kurudi usiku, na ahadi kwa watu. Ukipanga hivyo, lazima nyangumi atoke, na asipotoka karibu utamfuata. Hiyo boti ilianza kumfukuza yule mama ikiwa bado Nairobi, kwa simu yangu, nikiwa kitandani.

Kwa hivyo kupanga safari vizuri si mambo ya watu wazima wanaopenda karatasi. Kwa hii safari, mpango ndio tabia yako. Unaamua utakuwa mtu wa aina gani baharini kabla hujafika baharini.

Basi mimi ningepanga hivi.

Enda kwa mwezi wake. Julai hadi Septemba. Ukiambiwa "njoo Disemba utaona humpback", huyo anauza hewa. Na panga boti ya asubuhi na mapema, kabla upepo haujachukua nguvu. Kama huwa unatapika kwa matatu ya Ngong, meza dawa kabla ya kupanda, si ukishaanza kuona nyota.

Weka asubuhi mbili au tatu, usiweke moja. Hii ndiyo muhimu kuliko zote. Mtu mwenye kesho anaweza kumwambia kapteni, "Sawa, hapa panatosha." Mtu asiye na kesho huanza kutoa pesa mfukoni.

Changeni. Najua nilikuwa nimeapa kutopanga na watu, lakini hesabu imenishinda. Treni ya Nairobi hadi Mombasa, kiti cha kawaida, ilipandishwa hadi 1,500 mwaka 2024. Kutoka kituo cha Miritini unaingia mjini, unapanda matatu ya Malindi, unashukia Gede, unachukua tuktuk hadi Watamu. Hiyo yote mtu wa kawaida anaweza. Kinachoumiza ni chumba na boti, na hivyo viwili ndivyo hupungua mkiwa wengi. Mkiwa sita mnaweza kukodi nyumba ndani ya mji, mbali kidogo na ufuo, mpike wenyewe, na muulize bei ya boti nzima badala ya bei ya kichwa. Kila mtu aanze kutuma kidogo kila wiki kuanzia Februari kwa mtu mmoja mwaminifu. Grupu ya safari hufa kwa sababu ina emoji na haina mweka hazina.

Uliza kapteni maswali kabla ya kutuma pesa. Ukiona nyangumi unakaa umbali gani? Akiwa na mtoto unafanyaje? Kukiwa na boti nyingine tayari, unangoja? Jaketi za kuokoa maisha ziko za watu wote? Sikiliza jibu. Hawaii sheria inakataza boti kumkaribia humpback chini ya yadi 100, kama mita 90. Australia ni mita 100. Hiyo ni urefu wa uwanja wa mpira. Kapteni akikuambia, "Nitakufikisha mpaka umguse," mwambie asante, kata simu, tafuta mwingine.

Na ujue namna boti inavyofaa kukaa: kando yake, polepole, mwendo mmoja, si mbele yake wala nyuma yake, na kamwe si kati ya mama na mtoto. Akitaka kuja karibu, atakuja mwenyewe. Wakati mwingine huja. Hiyo ni zawadi, huwezi kuilipia.

Beba kitambulisho. Boti ikipita ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu kuna ada ya KWS, inalipwa eCitizen, na sisi raia tunalipa kidogo kuliko wageni. Hiyo hifadhi iko tangu 1968. Ni yetu, hata kama matangazo yake huwa na watu wasiofanana na sisi. Na kwa wenzangu wa droni: huwezi tu kurusha. Unahitaji kibali cha KCAA, na ukiwa hifadhini uliza KWS pia.

Panga safari ambayo bila nyangumi bado ni safari. Magofu ya Gede yako hapohapo, mji wa mawe ulioachwa karne nyingi zilizopita, miti imekua juu ya kuta. Msitu wa Arabuko-Sokoke uko ng'ambo ya barabara. Mida Creek ukienda jioni maji yakitoka utakaa kimya bila mtu kukuambia ukae kimya. Ukiwa na hayo, siku nyangumi akikosa hutasema umeibiwa.

Najua majibu yenu. La kwanza: "Buda, hii ni ushauri ya watu wa pesa. Siku tatu? Mimi nikipata siku moja nashukuru Mungu." Nakuelewa, kwa sababu huyo nilikuwa mimi. Sisemi usiende. Kama una siku moja, enda na hiyo moja, lakini uiingie ukiwa umeshakubali sifuri. Usipost kabla. Usimwahidi mtu. Siku nyingine unaweza kukaa ufuoni na darubini ya kuazima, uangalie nje ya miamba. Mara nyingine mkia au maji meupe huonekana hata kutoka nchi kavu, na hiyo hailipiwi boti.

La pili linaniuma zaidi kwa sababu ni la wenzangu wa kazi hii: "Ukikaa mbali hakuna kontenti." Nimelifikiria sana. Ni kweli kwamba sekunde zangu 11 zilitazamwa kwa sababu nilikuwa karibu. Lakini watu walikuwa wanapenda kitu ambacho hakikutokea. Waliona salamu, na aliyekuwa pale alijua ni kutoroka. Sasa nikitengeneza video nyingine kama hiyo nitakuwa nadanganya nikijua.

Na kuna picha ya mbali yenye kazi kuliko ya karibu. Nyangumi wa nundu anapozama kwenda chini sana huinua mkia, na upande wa chini wa huo mkia una madoa meupe na meusi ambayo hakuna mwingine anayo, kama alama zako za kidole. Ukipata picha safi ya mkia, hata kutoka mbali, unaweza kuituma kwa tovuti kama Happywhale, ambako hulinganishwa na mikia iliyopigwa picha sehemu nyingine za dunia. Inaweza kuwa unayemwona Watamu ameshaonekana kwingine. Hiyo mimi naiita kontenti. Inabaki na maana hata baada ya watu kuacha kuibonyeza.

La tatu ni hili: "Kapteni naye ale wapi?" Swali zuri, na hapa sisi wateja tuna nguvu kuliko tunavyofikiria. Mimi nilitoa kitu kidogo kwa kapteni kwa sababu alisogea. Nikamfundisha kwamba Mnairobi hulipia kukiuka. Mkipanga bajeti yenu, wekeni pesa ya asante pembeni tangu mwanzo, na mkubaliane nyote sita: inatoka akisema "hapa panatosha" na mashine ikazimwa. Akimfukuza mnyama, hiyo pesa inarudi kwa nauli. Mwambieni hivyo kabla ya kutoka ufuoni, kwa heshima, ili ajue kwamba leo amebeba watu wa aina nyingine. Watu kama sisi tukiwa wengi, kukaa mbali hakutakuwa hasara kwake.

Mwaka huu narudi, Agosti. Tuko watano, tunatafuta wa sita anayelipa kwa wakati. Asubuhi tatu baharini, nyumba ya mjini, mweka hazina ni dadangu kwa sababu mimi siaminiki na pesa. Nilimwuliza mamangu kama anataka kuja. Akasema bahari anaiogopa, lakini nikimwona yule mtoto nimwambie amekua aje.

Siahidi mtu video. Hata jina la grupu tumebadilisha. Inaitwa "Huenda".